Neno Likatwe Kwenye Kiungo

Yako mafundisho yanayopita mikononi mwa walimu kama sarafu mbovu: kila mtu huipokea, kila mtu huitoa, wala hakuna anayeigonga juu ya jiwe asikie mlio wake. Mafundisho hayo yasema kwamba neno ni rundo la silabi tu, na mtu akiweza kuzitamka silabi zake moja moja, basi amekwisha kulisoma neno. Tumeyasikia yakitumiwa katika kufundisha Kinorwei, lugha ya watu wa Norwei, kwa wenzetu wasemao Kiswahili waliohamia nchi ile, ambao wengi wao walitoka Kongo. Na mafundisho hayo yana ndugu yake, asemaye kwamba majina marefu ya Kinorwei yakiandikwa vipande vipande, kila kipande mbali na mwenzake, si kosa la kutajwa, maana msomaji ataelewa tu. Sisi twayapinga yote mawili. Twasema kwamba la kwanza humfanya mwanafunzi kuwa kasuku, na la pili humfanya aseme asilokusudia.

Tusidhaniwe kuwa twawachapa wenzetu kwa fimbo ambayo sisi hatujaionja. Sisi wenyewe tulifundisha hivyo. Katika mji mmoja wa Norwei tulikuwa na darasa dogo la watu wazima, na mmoja wao alikuwa mama wa makamo, kazi yake kusafisha sakafu hospitalini. Kila siku alipita mbele ya mlango ulioandikwa barneavdeling. Tukamfundisha kulisoma neno lile kama tulivyofundishwa sisi kusoma utotoni: bar-ne-av-de-ling. Akalisoma vema, bila kukwama, tukamsifu. Baada ya miezi tukamwuliza maana yake, akanyamaza. Tukauliza, "Barn ni nini?" Akajibu mara moja, "Ni mtoto." "Na avdeling?" "Ni idara, ni wodi. Nalisikia kazini kila siku." Kisha akatukazia macho, akasema, "Walimu wangu, kumbe ni wodi ya watoto! Siku zote hizi mwanisomesha sauti, na maneno yenyewe nilikuwa nayo mfukoni!" Hatukuwa na la kujibu. Kisu chetu cha silabi kilikuwa kimemficha vitu viwili alivyovijua kabla hajatujua sisi.

Kosa hilo lilitoka wapi? Lilitoka nyumbani. Kiswahili chetu ni lugha ya silabi zilizo wazi. Karibu kila silabi huishia kwa vokali: ki-ta-bu, mwa-li-mu, sa-fa-ri. Mchapaji akifika mwisho wa mstari hukata baada ya silabi aipendayo, wala msomaji hapotei njia. Tena tutakapo kuunganisha majina mawili, mara nyingi twayafunga kwa kiungo kinachoonekana kwa macho: nyumba ya shule, kitabu cha hesabu, daktari wa meno. Yapo pia majina tuliyoyashikamanisha, kama mwanafunzi na mwananchi, lakini katika hayo mkuu hutangulia: mwana ndiye mwenye nyumba, na wingi ukija ndiye ageukaye kuwa wana. Mtu aliyelelewa katika lugha ya namna hii, akikutana na neno la Kinorwei lenye herufi 15, huanza kulikata toka mbele kama akatavyo muwa.

Lakini Mnorwei hajengi hivyo. Yeye huyashikamanisha majina bila kuacha nafasi kati yao, na mkuu humweka mwisho. Skole ni shule, na hus ni nyumba: skolehus ni nyumba ya shule. Bok ni kitabu: skolebok ni kitabu cha shule. Tann ni jino, na lege ni tabibu: tannlege ni tabibu wa meno. Atakaye kujua neno ni la nini, na aanzie mkiani. Mkia wasema hii ni nyumba, hiki ni kitabu, huyu ni tabibu. Sehemu ya mbele yaeleza tu ni nyumba gani, kitabu gani, tabibu gani.

Wala huu si ukuu wa heshima tu. Ni ukuu wenye amri. Majina ya Kinorwei yana ngeli, na ngeli ya neno zima hutoka kwa yule wa mwisho. Barn, yaani mtoto, husemwa et barn. Hage, yaani bustani, husemwa en hage. Yakiunganishwa huwa en barnehage, yaani shule ya watoto wachanga. Ile et ya mtoto haina sauti tena. Na wingi hali kadhalika. Bok katika wingi hubadilika kuwa bøker, basi skolebok huwa skolebøker. Lakini tann, ambayo ikiwa peke yake wingi wake ni tenner, haibadiliki ndani ya tannleger, hata wakija matabibu mia wenye kutibu meno elfu. Mwanafunzi asiyejua neno lake lina mkuu, na mkuu yu wapi, atakosea ngeli, atakosea wingi, na kwa kuwa kivumishi hufuata ngeli, atakosea na kivumishi. Mwalimu wake atampa alama mbovu kwa makosa matatu, kumbe kosa ni moja, tena ni la mwalimu.

Kati ya vipande viwili Mnorwei huweza kutia gundi. Gundi zake zilizo kuu ni mbili, s na e. Land ni nchi na by ni mji. Landsby, yenye s katikati, ni kijiji. Arbeid ni kazi na plass ni mahali. Arbeidsplass ni mahali pa kazi. Syk ni mgonjwa. Sykehus, yenye e katikati, ni hospitali. Hatusemi kwamba kila gundi ina sababu iliyo wazi. Mengine hayana budi kukaririwa. Lakini tazameni jambo hili, ndugu, mpate kuona kwamba herufi moja yaweza kubeba akili nyingi. Vin ni mvinyo, na glass ni bilauri. Bilauri ya mvinyo ni vinglass, bila gundi. Rødvin ni mvinyo mwekundu, na bilauri yake ni rødvinsglass. Ile s imetoka wapi? Imekuja kuonyesha mahali pa kiungo: upande huu rødvin, upande huu glass. Ni bilauri ya mvinyo mwekundu, wala si bilauri nyekundu ya mvinyo. Kwani hiyo ya pili huandikwa kwa maneno mawili, rødt vinglass. Mwalimu akatishaye rød-vins-glass kama silabi tatu zilizo sawa amekipita kiungo kikuu bila kukipungia mkono.

Sasa twende mwisho wa mstari, mahali ambapo neno halina budi kukatwa. Wanorwei wana kanuni mbili. Neno lililo moja hukatwa kwa sauti, konsonanti moja ikishuka mstari wa chini: skri-ve, kas-te. Lakini jina la kuunganishwa hukatwa kati ya vipande vyake, na gundi hubaki na kipande cha mbele: arbeids-plass, barne-hage. Kanuni ya sauti ikifuatwa pasipo akili huleta kioja. Husorden ni taratibu za nyumba, nayo hukatwa hus-orden. Mfuata silabi ataandika hu-sorden, na sorden si kitu. Bildeler ni vipuri vya motokaa, kutoka bil, motokaa, na deler, sehemu, hukatwa bil-deler. Aandikaye bilde mwisho wa mstari na ler mwanzo wa mstari mwingine amemwambia msomaji kwamba picha inacheka, kwa maana bilde ni picha, na ler ni "hucheka".

Kuna na ushahidi mwingine, ambao kwetu ndio unaomaliza shauri. Natt ni usiku, na tog ni gari moshi. Yakiunganishwa zingekutana t tatu, na Wanorwei hawapendi konsonanti tatu zilizo sawa zikifuatana, basi huandika mbili: nattog, gari moshi la usiku. Lakini neno hilo likikatwa mwisho wa mstari, ile t iliyofichwa hurudi: natt-tog. Vivyo hivyo musikkorps, kikundi cha wapiga ngoma na tarumbeta, hukatwa musikk-korps. Na bussjåfør, dereva wa basi, hukatwa buss-sjåfør. Herufi iliyokuwa imetoweka machoni ilikuwa hai siku zote katika akili ya mwandishi. Kama neno lingekuwa rundo la silabi tu, t ile ingerudi kutoka wapi? Kilichokufa hakifufuki kwa sababu mstari umekwisha. Imerudi kwa kuwa natt ni natt na tog ni tog, hata yakilala kitanda kimoja.

Hayo yatosha juu ya kisu cha silabi. Tumgeukie yule ndugu wa pili, atenganishaye vilivyounganishwa. Kosa hili Wanorwei wanalo wenyewe, nao wamelipa jina, særskriving, na vibao vya maduka yao havikosi mifano. Mwenye duka atakaye kutangaza lammelår, paja la mwana-kondoo, akiandika lamme lår atangaza mapaja yaliyopooza. Mpishi atakaye kuandika stekt kyllinglever, maini ya kuku yaliyokaangwa, akiandika stekt kylling lever asema kwamba kuku aliyekaangwa yu hai. Kwa sababu lever ni ini, na tena lever ni "huishi". Neno røykfritt ukutani lasema hapa hapana moshi wa tumbaku. Likiandikwa røyk fritt lawaamuru watu wavute sigara kwa uhuru. Na sisi walimu tujihadhari zaidi: engelsklærer ni mwalimu wa Kiingereza, bali engelsk lærer ni mwalimu aliye Mwingereza. Mwafrika aombaye kazi ya kufundisha Kiingereza akiacha nafasi moja katika barua yake, amebadili taifa lake.

Masikio nayo ni mashahidi. Mnorwei akitamka engelsklærer, mkazo mkuu huwa mmoja, nao hukaa kwenye sehemu ya mbele. Akitamka engelsk lærer, mikazo huwa miwili. Hatujapata kumsikia Mnorwei akichanganya mambo hayo mawili kwa kinywa. Basi kuandika pamoja si pambo lililobuniwa na wachapaji; ni kuandika kile ambacho ulimi umekwisha kusema. Mwanafunzi wetu, ambaye Kiswahili chake humfundisha kuweka mkazo kwenye silabi ya pili toka mwisho, asiposhika jambo hili atasoma barneHAge na skoleBOker, na wenyeji watamwangalia kama mtu aliyevaa viatu kinyume.

Twajua watakayosema wapinzani wetu, nasi hatutayakwepa.

Watasema kwanza: "Msomaji ataelewa kwa habari inayozunguka neno." Twajibu: ndiyo, mara nyingi huelewa, akicheka. Lakini nani huchekwa? Mwenye duka aliyezaliwa Norwei husamehewa, husemwa ana haraka. Mgeni afanyaye kosa lilo hilo husemwa hajui lugha. Barua ya kuomba kazi haina mwandishi wake pembeni aeleze alichokusudia. Tena tusifikiri habari za vibao vya nyama tu. Mzazi hupokea barua kutoka shuleni, mgonjwa hupokea karatasi kutoka hospitalini, na majina yaliyo mazito zaidi katika karatasi hizo ndiyo haya ya kuunganishwa. Hjertefeil ni hitilafu ya moyo. Ajuaye hjerte, moyo, na feil, kosa, amekwisha kuelewa habari ya mtoto wake kabla hajamtafuta mkalimani. Asomaye hjer-te-feil kama wimbo wa silabi atakaa na karatasi mkononi mpaka jioni.

Watasema pili: "Waingereza huandika mbali mbali, na dunia haijaanguka." Twajibu: kila nyumba ina desturi yake ya kufunga mlango. Mgeni hafungi mlango wa Mnorwei kwa ufunguo wa Mwingereza. Tena mtu asikimbilie kulaumu Kiingereza tu. Siku hizi iko na mashine ya kuandikia, ambayo ikikuta neno refu lisilo katika orodha yake hulipigia mstari mwekundu, na mwandishi mwoga hulikata ili mstari uondoke. Lakini Mnorwei huunda majina mapya kila siku, wala hapana orodha itakayoyamaliza. Mstari mwekundu si hakimu.

Watasema tatu: "Maneno marefu huwatisha wanafunzi." Ni kweli, hutisha. Hutajwa mara nyingi neno moja la wataalamu lenye herufi 60, minoritetsladningsbærerdiffusjonskoeffisientmålingsapparatur, nalo ni jina la vyombo vya kupimia jambo fulani la umeme. Lakini mwoga haponywi kwa kufumbwa macho. Mfundisheni aanze mkiani: apparatur, ni vyombo, målings, vya kupimia, na kadhalika akirudi nyuma, kiungo kwa kiungo. Jitu lile litavunjika kuwa watu wa kawaida. Mbona maneno marefu ya kila siku ni mepesi kuliko hilo, na hayo twawaacha wanafunzi wayaogope?

Watasema nne: "Si kila neno huelezwa na vipande vyake." Hapo wana haki, nasi twakubali. Jord ni ardhi na mor ni mama, lakini jordmor ni mkunga. Barnehage si bustani ya maua. Walakini hata hapo mkia hausemi uongo mkubwa: mkunga ni wa jamaa ya mama kuliko wa jamaa ya ardhi. Vipande havitoi maana yote. Hutoa mlango wa kuingilia, na silabi hazitoi hata dirisha.

Wala hatutaki kuvuka mpaka tukasema kila kitu kishikamanishwe. Mvinyo ulio mwekundu tu kwa rangi ni rød vin, maneno mawili, kwa kuwa kivumishi kinasimama kwa miguu yake. Rødvin ni aina ya mvinyo yenye jina lake. Iko na kistari, ambacho hutumika kihalali, kama katika tv-program. Na silabi pia zina kazi yake: mtoto aanzaye herufi hana budi kuzijua, na mwimbaji vivyo hivyo. Tunalopinga ni silabi kupewa kiti cha maana.

Tukumbuke pia ya kuwa Wanorwei hawakuokota ujenzi huu njiani. Nchi yao ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark mpaka mwaka 1814, na maandishi yao yalikuwa ya Kidenmark. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima, alianza mwaka 1842 kuzunguka nchi akikusanya maneno ya vijijini. Sarufi yake ilitoka mwaka 1848 na kamusi yake mwaka 1850. Knud Knudsen, ambaye alikuwa mwalimu wa shule kama sisi, alitunga kitabu kikubwa kilichomalizika mwaka 1881, akionyesha maneno ya kienyeji yawezayo kushika mahali pa maneno ya kigeni. Mwaka 1885 Bunge liliamua kwamba lugha ya Aasen iwe na cheo sawa na ile nyingine, na mpaka leo Wanorwei wana namna mbili za kuandika, bokmål na nynorsk. Wameshindana juu ya mambo mengi. Mmoja huandika sykehus, mwingine sjukehus. Lakini wote wawili huandika neno moja. Katika jambo hili hawana ugomvi.

Na kwa ujenzi huo wameweza kuvipokea vitu vipya bila kuazima kila jina. Reli ni jernbane, njia ya chuma. Televisheni ni fjernsyn, maono ya mbali. Mashine ya kufyonzea vumbi ni støvsuger, mfyonza vumbi. Mwanafunzi ajuaye mawe mia aweza kuzitambua nyumba elfu. Huu ndio utajiri tunaomnyima tunapompa silabi badala ya viungo.

Basi, ndugu walimu mnaofundisha lugha hii, twawaomba mambo manne. La kwanza, msimpe mwanafunzi jina la kuunganishwa kabla hamjamwuliza ni vipande vipi anavijua ndani yake. La pili, mfundisheni kutafuta mkuu mwishoni, ajue ngeli na wingi kutoka hapo. La tatu, mkikata neno ubaoni kwa kukosa nafasi, kateni kwenye kiungo, maana jicho la mwanafunzi hujifunza hata lile ambalo kinywa cha mwalimu hakikusema. La nne, nafasi iliyoachwa mahali pasipo nafasi ihesabiwe kuwa kosa, tena mwanafunzi aambiwe amesema nini, apate kucheka mwenyewe kabla wengine hawajamcheka.

Mchinjaji ajuaye kazi hapigi shoka katikati ya mfupa. Hutafuta kiungo kwa ncha ya kisu, na nyama huachana bila kelele. Apigaye shoka popote hupata vipande vingi kuliko mwenziwe, lakini vimejaa chembe za mifupa, na wenye kula ndio wavunjikao meno. Yule mama wa hospitalini hakutuomba vipande vingi. Alikuwa na barn yake na avdeling yake; alitaka tu tumwonyeshe mahali vinapokutana.